Protekta ya Maji ya Simu: Inaokoa Kioo Ama Unapakwa Hewa?

Ukipita Luthuli Avenue saa za mchana lazima utampata huyu msee. Ako na kameza kadogo kando ya duka, simu moja imelala hapo kioo kikiangalia juu, na mkononi ameshika funguo. "Boss, kuja uone kitu." Anakwaruza kioo na ile funguo, kra kra kra, mpaka meno yako yanauma. Anapangusa na kitambaa, hakuna hata mstari. Anachukua kanyundo, anagonga mara mbili. Kioo kimetulia tu. Halafu anatoa kachupa kadogo kama ka dawa ya macho na kukuambia siri yote iko hapo ndani: unapaka, unangoja dakika kumi, simu inakuwa chuma.

Hiyo ndio protekta ya maji. Wengine huiita nano, wengine glasi ya maji. Bei yake, ukweli usemwe, hutegemea vile umevaa hiyo siku. Na wasee hununua, tena wengi, juu ukishaona nyundo ikigonga kioo na kioo kikose kuvunjika, utabisha aje?

Na si mchezo, juu simu siku hizi si ya kupiga luku tu. Msee wa nduthi anapata kastoma kupitia apu. Manzi wa mitumba anauza nguo akiwa TikTok laivu. Mathe ako na chama kwa WhatsApp na pesa yote ya nyumba inapitia M-Pesa. Kioo kikipasuka vibaya, tachi inakufa upande mmoja, na unaweza kuwa na doh kwa simu lakini ushindwe kuitoa juu sehemu ya namba 7 haishiki na PIN yako iko na 7. Mbaya zaidi ni kama simu yenyewe uko nayo kwa deni. Tangu Safaricom na Google walete Lipa Mdogo Mdogo mwaka wa 2020, ile ya shilingi 20 kwa siku, na wengine wakafuata na mipango kama hiyo, kuna wasee wengi mtaani wanatembea na simu ambayo bado hawajamaliza kulipia. Deni halijui kioo kimepasuka. Unalipa simu ambayo haikusaidii, na juu yake unatafuta pesa ya displei.

Kwa hivyo jibu nikupe sasa, hata bando ikiisha katikati uwe umeenda na kitu: protekta ya maji haizuii kioo kupasuka simu ikianguka. Kwa mikwaruzo inasaidia kidogo sana, ama haisaidii kabisa. Kitu inafanya kweli ni kufanya kioo kiteleze vizuri na kisishike alama za vidole, na hiyo nayo huisha.

Ukitaka kujua kwa nini, kaa hapa.

Kwa kachupa kuna nini?

Kawaida ni chembechembe ndogo sana za silika zikiogelea ndani ya alkoholi. Silika ndio ile kitu inafanya mchanga uwe mchanga, na ndio hiyo hiyo hutengeneza glasi ya kawaida. Unapewa kitambaa cha kusafisha, unapangusa kioo, unamwaga matone machache, unasambaza, alkoholi inaruka hewani na zile chembe zinabaki zimeshika juu ya kioo. Pakiti nyingi zinakwambia uiache siku nzima ama zaidi ndio ikauke sawasawa.

Hapo hakuna uongo. Hiyo tabaka iko kweli. Shida ni unene wake.

Protekta ya glasi ya kawaida, ile ya kubandika, iko na unene wa milimita 0.33 hivi. Hiyo ni nanomita 330,000. Tabaka la maji huhesabiwa kwa nanomita, na 100 hivi ndio makadirio ya kawaida. Unywele wako mmoja una nanomita 50,000 mpaka 100,000. Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke tao: kama protekta ya glasi ingekuwa KICC yote, mita 105 kutoka chini hadi juu, protekta ya maji ingekuwa na unene wa vidole viwili. Hicho ndicho kitu umeambiwa kitazuia simu yako kuvunjika ikigonga lami.

Muuzaji ako na jibu ya hiyo. Atakuambia haijalishi unene, juu maji yanaingia kwa vitundu vidogo vya kioo na kuviziba, kioo kinakuwa kigumu kutoka ndani. Ni stori tamu, na iko na kaukweli fulani: kioo chochote kiko na nyufa ndogo sana ambazo macho hayaoni, na kioo huanza kupasuka kutoka kwa hizo nyufa. Lakini kumwaga silika juu ya ufa na kuacha ikauke hakushikishi ufa ule kama vile glasi yenyewe ilivyoshikana. Glasi huundwa kwa moto mkali. Wewe umepangusa na kitambaa ukiwa kwa stendi ya mat.

Kioo cha simu tayari ni kigumu, na hapa ndio stori inanoga

Simu nyingi, hata za bei ya kati, ziko na kioo ambacho kimeshapitia kazi ngumu kiwandani. Ile maarufu ni Gorilla Glass ya kampuni ya Corning ya Marekani, ambayo ilianza kuonekana kwa iPhone ya kwanza mwaka wa 2007. Kuna zingine, lakini mbinu ni karibu moja. Kioo huchovywa ndani ya chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, kwa joto la nyuzi 400 hivi. Huko ndani, ayoni ndogo za sodiamu zilizo juu ya kioo zinatoka na ayoni kubwa za potasiamu zinaingia kwa nafasi zao.

Fikiria mat ya abiria 14. Unatoa watoto 14 wa shule na kwa viti hivyo hivyo unaketisha mabuda 14 wenye vitambi. Watabanana mpaka hakuna mtu anaweza kusonga. Hivyo ndivyo sehemu ya juu ya kioo inakuwa: imebanana sana, na ufa ukitaka kufunguka unakuta kila upande unasukumwa ndani. Ndio maana simu inaweza anguka mara ishirini na isiwe na kitu.

Lakini hiyo kubanana iko na kikomo. Simu ya gramu 200 ikiponyoka kutoka kifuani, tuseme mita 1, inafika chini ikiwa na kasi ya kilomita 16 hivi kwa saa, kama baiskeli. Ikitua flati kwa kapeti, hakuna stori. Ikitua kwa pembe kwa simiti, nguvu yote inaingia kwa kapointi kadogo. Na ikitua kifudifudi juu ya kokoto moja ya murram yenye ncha, hiyo kokoto inachimba kioo, inapita ile sehemu iliyobanana, na kioo kinajikunja kidogo. Kwisha. Corning wenyewe walipotoa Victus mwaka wa 2020 walisema inavumilia mita 2 kwenye sehemu ngumu na mbaya, halafu Victus 2 ya mwaka wa 2022 wakaitangaza kwa mita 1 kwenye kitu kama simiti. Simiti ndio adui, hata kwa wale wanaotengeneza kioo chenyewe.

Sasa ona vile kila protekta inafanya hapo. Glasi ya kubandika ni tabaka tofauti, nene, limekaa juu ya gundi laini. Kokoto ikija inagonga hiyo kwanza. Inapasuka yenyewe, inameza sehemu ya ile nguvu, na ncha ya kokoto haifikii kioo cha simu. Ni kama mlinzi wa geti: akipigwa yeye, wewe uko ndani. Maji hayana mlinzi. Nanomita 100 za silika zimeshikana na kioo chenyewe, kioo kikijikunja nazo zinajikunja, kokoto ikiingia inapita hapo kama haikuona mtu.

Sasa mbona nyundo haikuvunja?

Turudi kwa ile meza ya Luthuli, juu hapo ndio wasee huchezwa.

Ile simu ya maonyesho ingevumilia funguo hata kama haijapakwa kitu. Funguo nyingi ni za shaba ama chuma laini, na shilingi yako pia. Kioo cha simu ni kigumu kuliko hizo zote. Hata kisu cha jikoni mara nyingi hakitoshi. Ukikwaruza kioo na funguo, kinachokwaruzika ni funguo. Ule mstari mweupe uliona halafu akaufuta na kitambaa ulikuwa unga wa chuma uliobaki juu ya kioo. Amekufanyia maonyesho ya kazi ya Corning na akachukua sifa yeye.

Nyundo nayo ni hivi: uso wa nyundo ni laini na flati, simu imelala juu ya meza ngumu kwa hivyo kioo hakina nafasi ya kujikunja, na anagonga katikati, mahali kioo kiko na nguvu zaidi. Mwambie agonge pembe. Ama aweke kajiwe kamoja kati ya nyundo na kioo. Utaona vile ataanza kupanga kebo zake.

Ukitaka kumjaribu bila vita, omba kitu rahisi. Apate kipande cha kioo cha simu iliyokufa, Luthuli vimejaa kwa kila fundi, apake nusu moja aache nusu ingine. Ingojeeni ikauke. Halafu umpe msasa, ule wa kusugua mbao, akwaruze pande zote mbili na nguvu sawa. Kama upande umepakwa utabaki msafi na ule mwingine uchubuke, nunua mbili.

Na hiyo 9H kwa pakiti

Karibu kila pakiti, ya maji na hata ya glasi, imeandikwa 9H kwa maandishi makubwa. Muuzaji atakuambia almasi ni 10, kwa hivyo hii ni namba mbili kutoka juu duniani. Hapa watu wamechanganya vitu viwili, na sidhani ni kwa bahati mbaya.

Almasi kuwa 10 ni kipimo cha Mohs, kilichotengenezwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka wa 1812. Namba 1 ni talki, ile ya poda ya mtoto. Namba 9 ni familia ya rubi, kama zile huchimbwa Taita Taveta. Namba 10 ni almasi.

9H ni kipimo cha penseli. Penseli kabisa, za kuchora. Unakumbuka HB ya kuchora grafu za hesabu? Hiyo iko katikati. Ukienda upande wa B zinakuwa laini zaidi, ukienda upande wa H zinakuwa ngumu. Mtihani ni kusukuma penseli juu ya kitu ikiwa imeinama na uzito fulani, na kuona kama itaacha mchubuko. Kitu kikipita 9H maana yake ni moja: penseli ngumu kuliko zote haikukichubua. Ni mtihani wa rangi ya gari na vanishi. Kioo cha simu kikiwa uchi, bila protekta yoyote, kinaupita kikinywa chai.

Kinachochubua simu mfukoni ni mchanga. Ndani ya mchanga kuna kwatzi, na kwatzi iko namba 7 kwa kile kipimo cha Mohs. Kioo cha simu kiko chini kidogo ya hapo. Zack Nelson, yule Mmarekani wa JerryRigEverything huko YouTube, amekwaruza simu nyingi sana na karibu kila mara hadithi ni ile ile: mistari inaanza namba 6, inakuwa mirefu zaidi namba 7. Kwa hivyo vumbi la mjengo kwa mfuko wa jeans litaandika kioo chako, na kupaka silika juu hakubadilishi hiyo hesabu, juu mchanga na silika ni ndugu wa tumbo moja, na ile ya kupaka ni nyembamba hata ikikwaruzwa hutaijua iliisha lini.

Kuna wale wanaongeza chumvi na kusema inazuia mionzi ya simu. Hebu fikiria kidogo tu. Mionzi ya simu ndio netiwaki. Kama ingezuiwa kweli ungekuwa na simu nzuri, inang'aa, na haina hata baa moja.

"Lakini mimi nilipaka na simu haijawahi vunjika"

Hii ndio sentensi inauza hizi kachupa kuliko nyundo. Beshte yako anakuambia amepaka miezi nane, simu imeanguka mara tano, haina hata alama. Anasema ukweli. Lakini simu nyingi zikianguka mara tano hazipasuki, zikiwa zimepakwa ama hazijapakwa. Kava yake imesaidia. Bahati imesaidia. Ile mabuda 14 kwa mat imesaidia. Na yote yanaandikwa kwa jina la maji.

Na ikivunjika? Muuzaji atasema ingekuwa mbaya zaidi kama hungepaka, ama ulipaka vibaya, ama ilikuwa imeisha nguvu. Tabaka lenyewe halionekani, halitoki, huwezi kulishika na kucha uone kama bado liko. Glasi ya kubandika ikifanya kazi inakuonyesha: imepasuka, ukaitoa, kioo cha chini kiko fiti. Ikikosa kufanya kazi pia unaona. Hii ya maji haiwezi kushindwa mbele yako, na biashara ambayo haiwezi kushindwa mbele ya kastoma ni tamu sana kwa muuzaji.

Kuna kampuni za nje zinauza maji haya pamoja na ahadi ya kulipia kioo kikivunjika. Hiyo ni afadhali, lakini jua unanunua nini. Umenunua bima, na kachupa ni risiti yake. Tuseme kampuni inauzia watu 100 na wanaovunja na kukumbuka kudai ni wanne. Pesa ya wale 96 inalipa wanne na inabaki. Maji yangekuwa ni maji ya mfereji hesabu bado ingeingiana. Na kabla hujafurahia, soma kama ahadi inafika Kenya, juu nyingi huishia kwa nchi za huko.

Basi haina kazi kabisa?

Iko nayo, ndogo. Simu ikitoka kiwandani kioo kinapakwa kitu kinachofukuza mafuta ya vidole. Apple walianza na iPhone 3GS mwaka wa 2009, na sasa simu nyingi ziko nayo. Ndio maana simu mpya inateleza kwa kidole kama imepakwa siagi. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kidole, jasho, kuingia na kutoka mfukoni, na mtu anayepangusa skrini na sabuni ya vyombo, hiyo kitu inaisha na kioo kinaanza kushika alama na kukwama. Maji mengi ya protekta yanarudisha ule utelezi. Tone la maji likianguka juu ya kioo linajikunja kama shanga badala ya kusambaa. Kwa msee wa PUBG ama Free Fire anayesugua skrini siku nzima, hiyo ni raha kweli. Lakini ni raha ya wiki ama miezi kadhaa, halafu unapaka tena.

Kwa hivyo mimi, kama mtu ananiambia anapaka juu anapenda vile kidole kinateleza na hataki kubandika kitu, sina shida naye. Kwa saa ya mkononi yenye kioo cha mviringo ambayo huwezi kupata glasi ya saizi yake, sawa pia. Kama unapaka juu unaogopa lami ya Jogoo Road, hiyo doh peleka kwa kitu kingine.

Usichanganye na ile ya UV

Hapa tusimame kidogo, juu kuna protekta ingine iko na maji na inafanya kazi, na mafundi huitaja kwa majina karibu sawa. Kama simu yako iko na kioo kilichopinda pembeni, zile Samsung za zamani kidogo, baadhi ya Tecno na Infinix za bei, glasi ya kawaida haikai. Inashika pembeni tu na katikati inabaki na hewa. Fundi akikuambia "hiyo inataka UV", anamaanisha glasi kamili, nene, inayobandikwa kwa gundi ya maji ambayo hukauka ikimulikwa na kataa ka zambarau. Hapo maji ni gundi. Mlinzi ni glasi. Hii ni protekta ya ukweli, na bei yake mara nyingi inapita thao moja.

Shida yake ni fundi. Gundi ikiwa nyingi inatafuta njia: inaingia kwa spika ya juu, inaingia kwa batani za pembeni, halafu anaimulika na inakauka huko ndani. Unatoka dukani kioo kinang'aa, mathe anakupigia na humsikii. Kabla aanze, hakikisha ameziba spika na batani na tepu. Asipoziba, chukua simu yako uende duka linalofuata, yako mengi.

Ingine ni alama ya kidole. Simu ambazo kidole kinasomwa chini ya skrini zinachagua sana kitu cha kuwekwa juu. Oktoba 2019 Samsung walipata aibu ya dunia nzima na Galaxy S10: mtu akiweka aina fulani ya kava ya silikoni mbele ya skrini, simu ilikuwa inafunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Mtu yeyote! Walirekebisha kwa programu mpya, lakini funzo la kiufundi lilibaki. Ukiweka glasi yoyote, ya UV ama ya kawaida, futa alama zako za zamani na usajili kidole upya juu ya glasi mpya. Halafu mpe beshte ajaribu kufungua. Hii simu ndio iko na M-Pesa na Fuliza yako, usione haya kujaribu.

Na wenye simu za kukunja, nyinyi mliomoka, hii stori ya maji mpite mbali. Ile skrini ya ndani iko na tabaka laini liliwekwa kiwandani na halifai kuguswa. Aprili 2019, baadhi ya waandishi waliopewa Galaxy Fold ya kwanza kuijaribu waliona hiyo tabaka, wakadhani ni protekta ya kutoa, wakaitoa, na skrini zikafa. Chupa ya alkoholi na silika hapo ni kutafuta balaa ya bei ya shamba.

Sasa hiyo doh uipeleke wapi?

Kava kwanza, na wengi husahau. Simu nyingi hutua kwa pembe, na pembe hazilindwi na protekta yoyote ya mbele. Tafuta kava laini yenye pembe nene na ukingo unaopita kioo kidogo, hata ukilaza simu kifudifudi mezani kioo kisiguse meza. Zile kava ngumu nyembamba za kupiga luku ni nguo tu.

Halafu glasi ya kawaida, ile ya kuanzia soo moja hivi kwa meza za tao. Usidanganywe na 9D, 11D, 21D. Hakuna kipimo kama hicho, ni namba za kupandisha bei. Angalia vitu viwili: gundi iwe kioo chote na si pembeni peke yake, na ukubwa ufike karibu na ukingo bila kusukumwa juu na kava. Ikipasuka, itoe haraka ubadilishe. Kuna watu wanatembea na glasi iliyopasuka miezi sita wakisema bado inalinda. Inalinda kidogo, ndio, lakini inakukata kidole na ufa wake unapitisha vumbi.

Zile za hidrojeli, zinazokatwa na mashine ukingoja, ni plastiki laini. Kwa mikwaruzo ni nzuri sana, kwa kuanguka ni hafifu kuliko glasi, lakini hata hizo ziko na unene unaoweza kushika na kucha.

Na kama tayari ulipaka maji na unataka kurudi kwa glasi, inawezekana. Ule utelezi unaweza kufanya gundi ikose kushika pembeni, kwa hivyo mwambie fundi mapema, asije akakulaumu ama ukamlaumu. Apanguse kioo na alkoholi mara mbili tatu, akingoja ikauke kila mara, mpaka tone la maji likianguka lisambae badala ya kujikunja. Hapo ndio abandike.